Tofali la mlangoni

Mbukwenyi! Mliotoka Kondoa na Mpwapwa alfajiri, poleni na safari.

Nianze na tofali. Hapa Dodoma ikifika Oktoba, mvua bado, kuna ofisi utakuta mlango wa chumba cha seva, zile kompyuta zinazotunza taarifa za ofisi nzima, umezuiwa na tofali usijifunge. Ukiuliza, unaambiwa kiyoyozi kimekufa na mashine zinachemka. Mwaka mmoja tofali hilo nililitafuta mimi mwenyewe, kwa hiyo simcheki mtu.

Sasa anayepita mlango huo anahitaji nini? Nasikia mnasema nywila. Wala! Anachomeka flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, anaiwasha seva kwa hiyo flashi, na kama diski hazijasimbwa, yaani taarifa zake hazijafichwa kwa ufunguo wa siri, anasoma kila kitu. Akiwa na haraka, anaondoka na diski zenyewe: kwenye seva nyingi zinachomolewa kwa mbele, bila bisibisi.

Ndiyo maana nasema kiyoyozi cha pili kiombwe kwenye fungu la ulinzi. Mhasibu atacheka. Mpeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, acheke huku akiisoma.

Haya, mlango umefungwa. Tazameni juu. Majengo mengi kuta za ndani zinaishia kwenye dari ya jipsamu. Mtu anapanda meza ya ofisi ya jirani, anasogeza kipande kimoja, anashukia kwako, na daftari la wageni halina jina lake. Ukuta upandishwe mpaka kwenye zege. Na kufuli la raki, lile kabati la chuma linalobeba seva, msilitegemee sana. Kiwanda hutoa raki nyingi zenye ufunguo wa aina moja. Jaribuni wa kwenu kwa jirani.

Kuhusu kusimba diski, dada pale nyuma ameuliza: umeme ukikatika saa nane usiku, seva ikirudi itasimama ikisubiri nywila, nani ataamka? Swali zuri, maana wengi wanaacha kusimba kwa sababu hiyo hiyo. Ipo chipu ya TPM inayotunza ufunguo ndani ya mashine, seva ikajiwasha yenyewe. Inamkomesha mwizi wa diski. Lakini anayebeba seva nzima amebeba na ufunguo, kwa hiyo ifungeni kwenye raki, na raki ifungwe sakafuni kwa bolti.

Basi, twendeni tukaone chumba cha jengo hili. Niliomba ufunguo tangu asubuhi. Nimejibiwa kuko wazi.