Mita 60 Kuanzia Wapi?

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za jioni. Namshukuru mwenyekiti wa mtaa kwa kunipa nafasi, naona watu wamejaa mpaka nje na sababu tunaijua wote, kuna majirani zetu wanne wameomba waruhusiwe kujenga ndani ya mita 60 za ziwa letu la Victoria na kila mtu ana la kusema, wengine mmeshaanza kununiana hata salamu hampeani. Mi sijaja kuamua nani apewe nani anyimwe, hiyo sio kazi yangu. Nimekuja kama mtu aliyezunguka na utepe wa kupimia kwenye fukwe za Mwanza kwa miaka mingi, na kuna jambo moja linanikosesha usingizi.

Mnabishana mita ngapi. Huyu apunguziwe ziwe 30, yule akazwe. Sawa, ila sijasikia hata mmoja akiuliza hizo mita zinaanza kuhesabiwa wapi.

Mwaka 2006 nilikuwa bado kijana, kazi yangu kushika utepe. Mnakumbuka 2006 maji yalivyokimbia, ukame ulikuwa mkali, na kule Jinja, Uganda, ambako ndo mlango pekee wa ziwa hili kutoka, mabwawa ya umeme yalikuwa yanaachia maji mengi sana. Mitumbwi ikabaki kwenye tope. Sisi tukaja, tukasimama pale maji yalipoishia siku ile, tukavuta utepe mita 60, tukaweka bikoni, ile alama ya mpaka, tukaondoka. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sahihi. Mwaka 2020 mwezi wa 5 maji yakafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita rekodi ya 1964 ambayo ilikuwa 13.41, na mimi nikarudi kuangalia nikaikuta ile bikoni niliyoichimbia kwa mikono yangu iko ndani ya maji na mama mmoja anafua nguo pembeni yake. Mwenye kiwanja kile alikuwa ameshajenga. Alifuata kila tulichomwambia, akanionyesha na karatasi, karatasi ambayo mimi nilikuwepo ikiandaliwa, na sikuwa na cha kumjibu.

Tupige hesabu pamoja. Kati ya 2006 na 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Ukisikia mita 2 unaona kidogo, kimo cha mlango. Sasa chukua sehemu tambarare kama hii yetu ya matete, tuseme ukitembea mita 50 kutoka majini unakuwa umepanda mita 1 tu, maji yakipanda mita 2 yanaingia ndani mita 100, yani yule aliyehesabu 60 zake bila kuiba hata hatua moja anajikuta yuko mita 40 ndani ya ziwa. Kule Capri Point kwenye mawe mita 2 hizohizo haziingii hata mita 10. Kwa hiyo ukisema mbona ile hoteli iko juu ya maji na hakuna kilichotokea, ndugu yangu, ile imekaa juu ya jiwe, wewe uko kwenye tope, na kama walipewa ruhusa vibaya hilo tulidai kivyake, lisiwe sababu ya wewe kumwagia watoto wako msingi kwenye maji.

Sheria mnaijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Najua mzee wangu pale atasema sisi tulikuwepo kabla ya 2004, na ni kweli mzee, ila hata Sheria ya Ardhi ya 1999 ilishaziweka hizo mita 60 kwenye ardhi hatarishi. Wenzetu Uganda, ziwa ni hilihili, wao wameweka mita 200. Burundi upande wa Tanganyika ni 150. Sisemi tuige, nasema 60 zetu ndo chache, halafu hizo chache bado tunazikata vipande.

Na hili la kusema kiwanja changu nyumba yangu jirani inamhusu nini, hapana. Ukijenga ukuta wa mawe kukinga mawimbi, wimbi halifi pale, linageuka linakula udongo wa jirani asiye na ukuta. Ukijaza kifusi kwenye matete yako maji yaliyokuwa yanakaa pale yanatafuta pa kwenda, yanaenda kwake. Matete na mafunjo ndo yanavunja nguvu ya wimbi na kushika tope la mvua kabla halijaingia ziwani, na sato wanazaa kwenye maji hayohayo ya kina kifupi, muulizeni mvuvi yeyote hapa. Halafu choo. Maji ya ziwa yakipanda na ya chini ya ardhi yanapanda, shimo linajaa kutokea chini, na 2020 tuliona wenyewe kilichokuwa kinaelea huku watoto wanaogelea. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa ziwa hilihili jamani.

Sasa mtaniuliza, kwa hiyo hakuna wa kuhurumiwa? Yupo. Mwalo wa kushushia samaki hauwezi kukaa mlimani, chanja za dagaa, pampu ya bustani, gati la mbao, hivyo vinahitaji kuwa karibu na maji na mimi nikiulizwa nitavitetea. Nyumba ya kulala haina sababu hiyo. Wazee waliojenga toka zamani mi naona wabaki, wasiongeze hata chumba, na choo kihamie upande wa barabara, hilo tuwachangie hata nguvukazi. Kijana aliyeuziwa 20 kwa 30 yote iko ndani ya mita 60, huyo ndo ananiuma zaidi manake katoa akiba yake yote na waliomuuzia walijua, yeye tumsaidie kudai kiwanja kingine au arudishiwe pesa yake, na mtaa mzima tumsindikize asiende peke yake. Kumpa kibali cha kujenga pale mnaona mnamhurumia ila maji yakirudi hatakuwa na nyumba wala pesa, na X nyekundu ya kubomolewa ukutani anaweza kuipata hata kabla ya maji.

Naomba kitu kimoja tu kabla ya kikao cha hayo maombi. Kesho saa 1 asubuhi nitakuwa pale chini ya mwembe na utepe. 2024 maji yalipanda tena, yakafika kama 13.5, na mstari wa tope bado unaonekana kwenye ukuta wa banda la nyavu na kwenye ile miti iliyokauka. Wazee mliokuwepo 1964 mje mtuonyeshe na ninyi yalifika wapi. Tutaanzia hapo, tutavuta mita 60 kwenda nchi kavu, na wale majirani wanne washike utepe wenyewe.