Nani Alikimbia Nyumbani?

Mwangaluka, walimu wenzangu, nanyi wazazi mlioacha shughuli zenu kuja hapa. Nitaongea taratibu ili mkalimani wetu asiachwe nyuma, maana safu yote ya mbele leo wamekaa viziwi, na habari hii ni yao kabla ya kuwa yetu.

Naanza na kosa nililolitia mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza, hapa hapa Mwanza. Darasani alikuwemo binti kiziwi, mtoto wa mama anayeuza dagaa pale Kirumba. Kwenye jaribio niliandika: The boy who hit the girl ran home, yaani mvulana aliyempiga msichana alikimbia nyumbani. Swali: nani alikimbia nyumbani? Binti akajibu: the girl, msichana. Nikamwekea alama ya kosa, nikasema moyoni kwamba huyu hasomi, anabahatisha.

Hakubahatisha. Itazameni ile sentensi mwishoni: the girl ran home. Maneno manne, yamekaa pamoja, yamekamilika, hayadai kitu kingine. Ukiisoma kwa mpangilio wa mtenda, kitendo, kisha mtendwa, basi aliyekimbia ni msichana. Huko Marekani, mtafiti Stephen Quigley na wenzake walilikuta kosa hilo hilo miaka ya 1970 kwa wanafunzi viziwi wa umri wa miaka 10 hadi 18. Na kauli ya kutendwa ni hivyo hivyo: The boy was pushed by the girl, wengi walielewa mvulana ndiye aliyesukuma. Lakini waandikie kwamba samaki aliliwa na mvulana, The fish was eaten by the boy, ugumu unapungua, kwa sababu kila mtu anajua nani humla nani. Akili inafanya kazi yake vizuri kabisa. Kilichokosekana ni ule was na ule by, vineno viwili visivyo na sura wala picha.

Sasa tujiulize mtoto anayesikia alivipata wapi vineno hivyo. Chukueni Kiswahili chetu. Alimpiga, alipigwa. Hakuna mzazi aliyekaa chini kumfundisha mwanawe ile -w-. Aliisikia jikoni, aliisikia kwenye daladala, aliisikia bibi akisimulia, mara elfu nyingi kabla hajashika penseli. Kiziwi anatakiwa aipate midomoni mwa watu. Hebu mgeukie jirani yako, useme bila sauti: baba. Sasa sema: mama. Sasa: papa. Mmeona? Midomo ni ile ile. Kama baba na mama wanafanana, hiyo -w- ya katikati nani ataiona?

Na watoto viziwi walio wengi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, wasiojua hata alama moja ya lugha ya alama. Kwa hiyo mtoto anafika shuleni bila lugha iliyokamilika ya kumsaidia kuingia kwenye nyingine. Darasa la kwanza tunampa Kiswahili cha maandishi. Kidato cha kwanza tunamgeuzia Kiingereza masomo karibu yote. Halafu tunashangaa kwamba anashika maneno makubwa ya sentensi na mengine anayajaza kwa anachokijua kuhusu dunia. Mimi, kwa kweli, sishangai tena. Mtu yeyote angefanya hivyo.

Yupo atakayesema basi kiziwi hawezi kusoma kama sisi. Huyo namkatalia. Mwaka 2012 Nathalie Bélanger na wenzake waliwapima wasomaji viziwi mahiri kwa mitambo inayofuata mwendo wa macho. Wakaona kwamba katika mtazamo mmoja jicho lao linachota herufi nyingi zaidi upande wa kulia kuliko la wasomaji mahiri wanaosikia. Mwaka mmoja kabla, Jill Morford na wenzake waliwapa viziwi wa Marekani maneno ya Kiingereza mawili mawili, waamue kama maana zake zinahusiana. Katika lugha yao ya alama, neno la sinema na neno la karatasi yanafanana mikononi. Mfanano wa aina hiyo uliathiri kasi ya majibu yao, ingawa hakuna aliyeinua mkono wala kuonyeshwa alama. Maana yake, wanaposoma Kiingereza, lugha ya alama inaamka kichwani.

Hapo ndipo ninapotaka tukae, walimu. Kama lugha hiyo inaamka, tuitumie.

Aliyenionyesha ni mwalimu mwenzangu, kiziwi. Nilimpelekea ile sentensi yangu. Akamweka mvulana hewani kulia kwake, msichana kushoto. Mkono ukapiga kutoka kulia kwenda kushoto. Kisha akarudi kulia, pale pale alipomweka mvulana, na kutoka hapo vidole vikakimbia. Akanigonga begani, akanionyesha neno who ubaoni, kisha tena ile sehemu ya kulia, mara tatu. Neno lile kazi yake ni kukurudisha kwa mvulana.

Siku ya pili nikamfanyia binti vile vile, kwa mikono yangu mizito. Akaangalia mikono, akaangalia ubao. Akanyanyuka bila kuitwa, akachukua chaki, akazungushia who hit... akafuta, akaanza upya, akazungushia who hit the girl, yote pamoja. Halafu akachora mshale kutoka the boy, ukaruka juu ya duara, ukatua kwenye ran.

Lile jaribio nilikuwa nimeshalirudisha. Nikamwomba daftari, nikamrekebishia alama.