Wimbo wa disko kwa Kiswahili: mkazo utue wapi

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Leo tunaanzia kwenye ngoma. Ukitanguliza maneno katika disko, utakuja kuyakatakata baadaye.

Wekeni mwendo wa mapigo 120 kwa dakika. Pigo moja ni nusu sekunde, na mapigo 4 ni mzunguko mmoja. Kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu, ipige kila pigo, isikose hata moja. Kofi liingie pigo la 2 na la 4. Haihati, yale matoazi mawili ya mguu, ifunguliwe katikati ya mapigo, ifungwe pigo linapotua: du-tsi, du-tsi. Namna hii aliishika Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Msiitie madoido, mchezaji anataka kujua mguu wake utue wapi.

Besi ipige noti ya chini kwenye pigo, na noti hiyohiyo oktavu ya juu katikati. Aliyezoea sanduku la kidumbak, ile besi ya uzi mmoja ya ngoma za Unguja, ataielewa upesi. Kosa kubwa ni kuiacha besi ivume mpaka kiki inayofuata: sauti mbili nzito zinagombana, spika inanguruma, wimbo unapoa ingawa mwendo ni uleule. Izimeni noti kwa kiganja mapema.

Sasa maneno, na hapa ndipo nyimbo nyingi zinapoharibika. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mahali pake ni juu ya kiki. Chukueni mshororo huu wa mizani 8: "Njoo, ngoma inalia." Imbeni silabi moja kila nusu pigo. NJO inatua pigo la 1, NGO la 2, LI la 4. Umekaa wenyewe.

Jaribuni na "Usiku ungali mbichi", nao mizani 8. Ukianzia pigo la 1, SI inaangukia kwenye haihati, na msikilizaji anasikia "Úsiku", kama anayeimba ni mgeni wa lugha. Dawa yake: "u" itangulie nusu pigo kabla ya mzunguko, SI itue pigo la 1, kisha "ku" ivutwe pigo zima. Hapo NGA inakutana na pigo la 3 na MBI la 4. Neno halikubadilika hata moja.

Mshororo wa mizani 16 unakula mizunguko 2 mizima, hapana pa kuvuta pumzi. Mizani 8 zinatosha. Mzunguko wa pili ni wa fidla kujibu. Fidla nazo zipande kwa vipande vifupi, zisiufuate uimbaji neno kwa neno kama katika taarab. Na maqamu, yaani ngazi ya sauti za Kiarabu, iwe Nahawandi. Rasti na Bayati ni tamu mno, lakini zina robo toni ambazo kinanda cha kawaida hakina, na fidla na kinanda vitapishana.

Mwanzo wekeni mizunguko 16 ya ngoma tupu, ili didjei apate pa kuunganishia. Katikati toeni vyote, zibaki kiki na besi kwa mizunguko 8, kisha mrudishe chombo kimoja kila mizunguko 4. Mwimbaji arudi mwisho, tena na kiitikio; ubeti mpya hapo unaikata ngoma.

Haya, kila mtu aandike mshororo mmoja wa mizani 8. Tutapiga makofi, nanyi mtausoma juu yake.