Uzito Unaorudi Sindano Ikiisha

Ndugu zangu, habari za jioni. Juzi kliniki mama mmoja aliniwekea simu yake mezani. Kwenye kioo ilikuwa picha ya kalamu ya sindano ya kupunguza uzito, ameipata kwa muuzaji wa mtandaoni. Akaniuliza, "Daktari, nichome hii au niendelee kujitesa na mchicha?" Sikumjibu papo hapo, maana nilisikia ndani ya swali lile miaka mingi ya kusemwa: mvivu, huyu haachi kula. Leo nataka kuwaeleza nilichomjibu baadaye, nanyi msikie.

Tuanze na njaa. Tukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Inauambia ubongo kwamba chakula kimefika, na inafanya tumbo lisikimwage haraka. Liraglutaidi na semaglutaidi, dawa za sindano hizo, huiga homoni hiyo, ila hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Anayezitumia huacha nusu sahani ya wali bila kujilazimisha. Anayejinyima bila dawa, mwili wake hupambana naye: njaa inazidi, na nishati anayotumia inapungua. Ndiyo maana kumwambia mtu "jikaze tu" ni kumwonea.

Sasa twende Denmark, kwa sababu huko walilijaribu swali la mama huyu hasa, na matokeo yalitoka mwaka 2021. Walichukua watu wazima wanene wasio na kisukari, wakawapa mlo wa kilokalori 800 kwa siku, wiki 8. Wakapungua wastani wa kilo 13.1. Hapo watu 195 wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi manne, mwaka mzima: sindano isiyo na dawa, mazoezi, liraglutaidi, na mwisho dawa pamoja na mazoezi.

Kundi la sindano tupu lilirudisha kilo 6.1. La mazoezi lilirudisha 2. La dawa lilibaki karibu palepale, likapungua gramu 700. Waliounganisha vyote viwili waliendelea kushuka kilo 3.4 nyingine, na mafuta ya mwili yao yalipungua takribani mara mbili ya waliotumia kimoja tu.

Nisikilizeni hapa. Kwenye mizani, dawa ilishinda mazoezi, na sitalificha hilo. Lakini watafiti walirudi kuwapima mwaka mmoja baada ya kila kitu kusimamishwa. Waliokuwa na dawa peke yake walikuwa wamenenepa tena kuliko waliokuwa wamefanya mazoezi. Semaglutaidi nayo ni hivyohivyo: walioiacha walirudisha, ndani ya mwaka, takribani theluthi mbili ya uzito waliokuwa wamepoteza. Njaa ilikuwa imenyamazishwa, haikuwa imeondoka.

Na kuna misuli. Ukipungua haraka, hupotezi mafuta peke yake. Mtu wa miaka 60 akipoteza nyama ya mapaja, mizani itamsifu, lakini kuinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta kutamshinda. Hapo sindano haina msaada. Kuchuchumaa na kuinuka, kubeba ndoo, kupanda ngazi, hivyo ndivyo vinavyosaidia, pamoja na maharage, samaki na mayai.

Basi nilimwambia hivi: mama, hiyo ya kwenye simu usiichome. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia, na huwezi kujua ndani mna nini. Dawa ya kweli huanza na dozi ndogo, chini ya daktari, kwa sababu huleta kichefuchefu, kutapika na choo kigumu. Tukipima sukari na presha tukaona unaihitaji, nitakuandikia bila kukulaumu. Ila kutembea tunaanza leo, dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Alinitazama, akavua kandambili zake, akanionyesha kisigino kilichopasuka. "Kwa hivi?" Kweli, nilikuwa sijauliza. Tukaanza na kutafuta raba.

Haya, dada wa nyuma pale umeinua mkono kitambo. Karibu.