Mvua ya Manchester na nywele zetu, mnaokuja kusoma Septemba nisikilizeni

Haya jamani mambo vipi, Dar mpo, Tanga mpo, Mombasa nawaona, Bujumbura nawaona kwenye komenti kila siku, karibuni. Leo niko jikoni kwangu hapa Moss Side, Manchester, na hiyo sauti mnayoisikia huko nyuma ni mvua inapiga dirisha, simu yangu ni nzima kabisa. Siwezi kusubiri ikatike ndo nirekodi maana hii imeanza jana jioni na bado ipo ipo tu.

Sasa. Kuna swali mmeniuliza sana, dada mbona kila video una kilemba au una rasta, nywele zako mwenyewe hatuzioni, umezikata? Sijazikata wapenzi, zipo, ngoja nivue hiki kilemba muone. Hizi hapa. Nimezisokota tu twisti za kawaida, hamna nywele ya kuongezea hapo. Na wengine mnauliza natumia mafuta gani, mnataka niwatajie jina la chupa mkanunue Kariakoo, na hapo ndo nataka tuongee vizuri leo maana hela zenu zinaniuma. Mafuta ni kitu cha mwisho kabisa. Cha kwanza angalia maji unayooshea na hewa unayokaa, na maji yako wewe wa Mbagala na maji yangu mimi wa huku ni vitu viwili tofauti, kwahiyo chupa ikinifaa mimi wewe inaweza isikufae hata kidogo.

Ngoja niwaeleze na mvua kwanza. Watu wengi nyumbani wanafikiri huku inanyesha kuliko kwetu. Hapana. Ukipima kwa mwaka Dar inapata zaidi ya milimita 1,000, Manchester ni kama 800 na kitu hivi. Ila yetu ya Dar inakuja kwa hasira, masika ile Machi mpaka Mei, inamwagika mpaka Jangwani hapapitiki, unasimama kwenye kibaraza cha mtu na watu wengine mnapiga stori, ikiisha imeisha, jua linatoka nguo zinakauka. Ya huku ni manyunyu. Inagawanywa kidogo kidogo mwaka mzima, Januari ipo, Julai ipo, na hakuna mtu anayejibanza kibarazani kuisubiri, watu wanatembea tu, watoto wanaenda shule, mtu anakimbia mazoezi humo humo. Na mwamvuli upepo unaugeuza, ukitoka stendi ya basi umeshakuwa vipande.

Na hayo manyunyu ndo mabaya kwa nywele zetu kuliko ile mvua kubwa, kwasababu mvua kubwa unaiona unajificha, hii unajiambia aah ni kidogo tu ngoja nitembee, ukifika kazini nywele uliyoipiga pasi asubuhi imesharudi juu yote. Na wala sio lazima ikunyeshee. Unywele ukiupiga pasi unanyooka kwasababu moto unaachanisha vile vifungo vidogo vidogo vya ndani, halafu vinajishika upya ukiwa umenyooka, sasa maji yakiingia vinaachia tena na unywele unarudi kwenye umbo lake la kuzaliwa. Mvuke wa hewani peke yake unatosha. Kwahiyo dada yangu unayepanga kuja na lile pasi la elfu themanini, pasi ni pasi, anga la huku litakushinda, hiyo hela nunua koti zuri lenye kofia.

Halafu sikilizeni hii ndo inayokata nywele za watu wengi huku na hawajui. Nje kuna unyevu, ndani kuna hita. Kuanzia Oktoba mpaka Aprili nyumba zinawashwa hita, hewa ya ndani inakuwa kavu mpaka midomo inapasuka, sasa nywele zako asubuhi ziko ndani zimekauka, unatoka zinalowa, unaingia kwenye basi lenye hita zinakauka, unashuka zinalowa, siku nzima, miezi mingi. Na unywele wetu ukijikunja yale mafuta ya asili ya kichwani hayashuki kirahisi mpaka kwenye ncha, ncha zinakuwa kavu tangu mwanzo. Juu yake mtu anavaa kofia ya sufu, ile sufu inasugua hapa pembeni na hapa mbele, mwisho wa baridi paji la uso limepanda. Kofia vaa, baridi ya huku sio ya mchezo, ila ndani yake weka kitambaa cha satini au shonea kabisa. Mimi zangu zote nimeshonea kwa mkono, kipande cha satini ni pauni mbili tatu.

Sasa niwaambie kuhusu jirani yangu maana bila yeye hii video isingekuwepo. Ni mama wa Kijamaika, mtu mzima, umri wa bibi yangu, mtaa mzima tunamwita Anti. Moss Side hii watu wa Karibiani wako tangu miaka ya 1950, ndo mana kila Agosti kanivali yao inafanyika hapa Alexandra Park, na maduka ya nywele zetu, mihogo, magimbi, ndizi mbichi, vyote nafika kwa mguu. Basi wiki za mwanzo mimi natoka, manyunyu yanashuka, kichwa wazi, Anti yuko mlangoni kwake akaniita, we binti, unaenda wapi na kichwa hivyo? Nikamwambia mvua ndogo tu hii. Akaniangalia, akafungua mkoba wake, akatoa kipochi kidogo cha plastiki chenye kifungo, upana wake kama vidole viwili. Ndani kuna nailoni nyepesi inayoonyesha, imekunjwa mikunjo mikunjo membamba mpaka imekuwa ukanda, ukishika huku na huku ukivuta inafunguka kofia nzima, inafunika kichwa chote mpaka shingoni, ina kamba mbili unafunga chini ya kidevu. Wamama wa umri wake wote hapa wanayo kwenye mkoba. Akanifunga mwenyewe kwa mikono yake pale pale mlangoni, akanirekebisha mbele, akasema haya nenda sasa.

Jamani nilikumbuka nyumbani. Si mnakumbuka kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019, mvua ikikukuta umetoka saluni umeset nywele zako, unaomba mfuko kwa mwenye duka unavaa kichwani unakimbilia daladala, na hakuna anayekushangaa hata mmoja? Ndo hivyo hivyo. Nikamhadithia Anti, alicheka mpaka akashika ukuta, tangu siku hiyo tukikutana stori yetu ni mvua na nywele, nywele na mvua.

Akaniuliza kwenu mnapaka nini, nikamwambia nazi, na mafuta ya nyonyo. Kumbe na wao mafuta yao makubwa ni nyonyo, ila wao mbegu wanazikaanga kwanza mpaka zinaungua, wanazisaga, wanachemsha, ndo mana ya kwao ni meusi na yana harufu ya moshi, sisi mengi ni ya kukamua yana rangi ya njano hivi. Ni mazito yale. Na alichonifundisha ni kwamba mafuta hayaleti maji kwenye nywele, yanazuia tu yaliyomo yasitoke, kwahiyo ukipaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu. Unalowesha kidogo kwanza, unapaka kondishena ya kuacha, ile usiyoisuuza, ndo mafuta juu, kidogo sana, halafu unasokota unafunika. Basi, hiyo ndo siri yangu yote, wala sio jina la chupa.

Maji sasa. Maji ya Manchester yanatoka mbali, kuna ziwa linaitwa Thirlmere huko milimani Lake District, walijenga mfereji wa kuyaleta ukafunguliwa 1894, karibu kilomita 150, yanashuka yenyewe kwa mteremko bila pampu, na mpaka leo tunayaoga. Ni maji laini, hayana chumvichumvi, shampuu kidogo tu povu linajaa bafu. Dada yangu mkubwa yeye yuko London, maji yao yanapita kwenye miamba ya chokaa, ukifungua birika lake la umeme ndani kuna magamba meupe yameganda chini, ukilikwangua na kijiko yanatoka vipande, na birika langu mimi la miaka hiyo hiyo ndani linang'aa. Hayo magamba ndo yanayobaki na kichwani, kalsiamu na magnesiamu zinashika kwenye unywele, povu haliji, nywele zinakuwa ngumu, kondishena haiingii. Nyie wa Dar mnaotumia maji ya kisima yale ya chumvi mnanielewa vizuri kabisa. Kwahiyo dada London anasuuza mwisho kwa maji yaliyochanganywa siki kidogo, mimi nikifanya hivyo huku nazikausha bure tu.

Saluni. Hapa nitasema ukweli. Kuna saluni moja ya mjini, sitaji jina, niliingia kupunguza ncha tu. Dada wa pale akashika nywele zangu, akazishika kwa vidole viwili hivi, akaenda kumwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi, wamesimama nyuma yangu watatu nawaona kwenye kioo, wakaniambia samahani nywele za hivi hatufanyi. Iliniuma sana, sitawaficha. Na kumbe ni 2021 tu ndo viwango vya mafunzo ya ususi vya nchi hii vilirekebishwa, kwamba anayesomea kazi hiyo afundishwe nywele za aina zote na zetu zikiwemo. Mtu alikuwa anapata cheti cha ususi na nywele zako wewe hajawahi kuzigusa. Wapo wasusi wetu, wengi dada wa Afrika Magharibi, wana mikono mizuri mno, lakini rasta ndogo ndogo ni pauni 100 na kupanda, na mwanafunzi hiyo ni hela ya chakula.

Kwahiyo nyie mnaokuja Septemba kusoma, niwaombe kitu kimoja kama dada yenu. Mwezi huu kaa chini ya mama, ya shangazi, ya yule dada anayekusuka uani, jifunze kusuka kichwa chako mwenyewe. Sio yeboyebo za maharusi, jua twende kilioni, jua kusokota, jua kusuka kwa uzi, maana uzi ni nafuu na nywele inatulia haikatiki. Pandia ndege umesuka. Na ukishafika, ukiosha rasta wakati wa baridi kausha mpaka mizizi, kaa kwenye draya, Desemba huku saa kumi jioni haijafika jua limeshazama, ukisema zitakauka zenyewe zitakaa mbichi siku mbili na kichwa kitaanza kunuka na kuwasha.

Haya niandikieni hapo chini mji unaoenda nikwambie maji yake. Wa Glasgow nawaona, ya kwenu yanatoka Loch Katrine, laini kabisa kama yangu. Birmingham wanaletewa kutoka milima ya Wales, laini pia. Cambridge mjiandae, chokaa hiyo. Wengine andikeni, nitajibu usiku, sa hivi ngoja nifunge kilemba changu nikamchukue mtoto shule.