Mkanda Mzima, na Sauti Yake

Wazee wangu, shikamooni. Na nyie wengine, habari za mchana. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, mkaitikia "sawa fundi", mikanda yenu ya video ikarudi kulekule juu ya kabati. Nalisema tena kwa sababu juzi nimeletewa mikanda sita ya familia moja, na minne imeshaota ukungu.

Sitaeleza mkanda wa VHS ni nini. Aliyekuwa na deki na TV ya chogo sebuleni anajua, na kijana asiyejua atauliza nyumbani. Nina neno moja tu: hamisheni mkanda mzima kwenye kompyuta, pamoja na sauti yake, kabla hamjafikiria kuupamba.

Dada yangu mkubwa aliolewa 1997, Temeke. Mpigapicha alikuja na kamera ya begani tangu asubuhi. Kuna saa aliiweka juu ya meza uani, akaenda kula, akasahau kuizima. Dakika 20 hivi hakuna bibi harusi wala bwana harusi. Kuna sufuria la pilau, kuna shangazi kakalia mbuzi anakuna nazi, kwaru kwaru kwaru, watoto wanafukuzwa wasisogelee moto. Na nyuma ya kamera, haonekani, baba anauliza: "Wageni wa Mbagala wameshakula?" Kamuuliza wa kwanza, kamuuliza wa pili, kamuuliza wa tatu. Ndivyo alivyokuwa. Mgeni hakulala na njaa kwake.

Baba alifariki 2003. Mwaka 2009 nikaupeleka ule mkanda kwenye duka moja la mjini wauhamishie kwenye DVD. Nikarudishiwa DVD yenye jalada la maua. Jioni tukakaa wote, mama kajifunga kanga yake ya kutokea. Saa tatu za mkanda zimekuwa dakika 40. Uani kote kumekatwa. Nasaha za baba ukumbini zipo, midomo inacheza, lakini juu yake wamelaza wimbo wa harusi mwanzo hadi mwisho. Mama alitazama kimya, kisha akaniuliza, "Mbona hasemi?"

Nilirudi dukani kesho yake. Mkanda walishautupa, kazi si imekwisha. Na yule kijana alinikumbusha nilichomwambia siku ya kwanza: "Itengeneze ipendeze." Kweli nilimwambia hivyo. Ndiyo maana nasimama mbele yenu kila nikipata nafasi, nawaomba msiitamke sentensi hiyo.

Najua mtasema: fundi, nani ataketi saa tatu akitazama watu wanakula? Hakuna anayekulazimisha. Hamisha mzima, uweke. Ukitaka kipande kifupi cha kuwatumia ndugu, kitoe kwenye nakala. Ukishakata na kutupa, huna pa kurudi. Tena kumbukeni, Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini sisi huku Bara tulikaa bila kituo hadi 1994. Watu walinunua TV ili watazame mikanda! Uani kwenu kwa miaka ile hakuna kituo kilichokuja kukupiga picha. Yupo huyo mpigapicha aliyesahau kuzima kamera, basi.

Mwingine atasema: mimi nitautazama kwenye TV, nirekodi kioo kwa simu. Jamani! Utapata mistari inayotembea, feni ya sebuleni, na bodaboda wa barabarani. Sauti ya mama yako itakuwa chini ya vyote hivyo.

Njia yenyewe si ngumu. Deki nzima, waya wa rangi tatu, kidude cha USB cha kunasia video, na kompyuta. Njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Programu ya bure ipo, OBS Studio au VirtualDub. Mkanda hauna haraka: wa saa tatu utachukua saa tatu. Kaa hapo na mzee wako, anapowataja watu andika majina. Weka heafoni masikioni dakika za mwanzo, hakikisha sauti inaingia. Nimeona mtu kanasa mikanda mitano na waya wa sauti haujachomekwa.

Na kwenye VHS sauti ya kawaida imeandikwa kwenye ukingo wa mkanda, mstari mwembamba. Ukingo ukikunjika, sauti ndiyo inayoumia mapema. Kwa hiyo usiulazimishe mkanda unaokwama, wala usiuvute kwa kidole.

Sasa ukungu. Unyevu wetu huu wa pwani hauihurumii mikanda. Geuza kaseti, chungulia kwenye kidirisha: ukiona unga mweupe pembeni ya mzingo, usiiingize kwenye deki kabisa. Ule unga utakaa kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na kila mkanda utakaofuata utaumia. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki, Funai ya Japani, iliacha 2016. Deki uliyonayo ndiyo hiyohiyo.

Nakala ya pili ya harusi ya dada ilikuwa Tanga, kwa mama mdogo. Enzi zile ndugu walinakiliana deki kwa deki. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, nyeupe kama imepakwa unga wa muhogo. Nilikaa nayo nje barazani, barakoa usoni, nikafungua skrubu tano za ganda, nikaupitisha mkanda taratibu kwenye kitambaa laini kisichotoa nyuzi, nikauzungusha kwa mkono hadi mwisho. Nikauhamishia kwenye ganda safi. Siku mbili. Picha ilikuja imefifia, nyuso zina chenga. Sauti ilikuja yote.

Nilimpigia mama, nikaiweka simu karibu na spika, sikusema kitu. Akasikia mbuzi ya nazi. Akasikia swali la Mbagala. Akacheka, halafu akamjibu: "Wameshakula, baba watoto."

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo haraka haraka. Flashi ikiwa imeundwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi usiochukua faili moja kubwa kuliko GB 4, ibadilisheni iwe exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho. Nakala mbili, diski mbili, nyumba mbili. Mikanda ya ndugu wa Marekani ni ya mfumo wa picha wa NTSC, yetu ni ya PAL, deki zisizosoma zote mbili zitawapa picha inayorukaruka. Hedi msizisugue kwa pamba za masikio. Kuhusu umeme kukatika katikati ya kazi nilikuwa na maneno marefu, tutayazungumza pembeni. Na mkanda wenyewe ukishahamishwa, usitupwe!

Deki iko hapa mezani, nimeshaisafisha. Nani kaja na mkanda?