Milimita Mbili Ndani ya Ubongo: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Udaktari na Wananchi, Dodoma

Mbukwenyi wazee wangu! Na ninyi vijana mliokaa nyuma, sogeeni mbele, picha hizi hazisomeki kwa mbali.

Leo nazungumzia DBS, yaani kuweka waya ndani ya ubongo ili umeme utulize dalili za Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Hii ni MRI ya kichwa, picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku. Yaoneni haya madoa meusi mawili, kulia na kushoto, viini vya ubongo viitwavyo subthalamic nucleus: weusi wake unatokana na madini ya chuma. Kila moja ni la milimita chache, halifiki punje ya karanga ya Kongwa. Mgonjwa wa Parkinson ambaye vidonge vya levodopa bado vinamsaidia, ila nguvu yake inaisha na kumtupa njiani mara kadhaa kwa siku, hapo ndipo tunapotaka kumfikishia waya wenye unene wa milimita 1.27. Betri hukaa chini ya mtulinga, na umeme hupiga takriban mara 130 kwa sekunde. Hauponyi ugonjwa, lakini mkono hutulia.

Kazi hii ilishika kasi Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa Profesa Alim-Louis Benabid, daktari wa upasuaji wa ubongo. Zama zile shabaha ilikadiriwa kwa atlasi ya ubongo wa watu wengine, kisha mgonjwa anaachwa macho, dawa zake zimesitishwa, anaambiwa gusa pua, hesabu, kunja kidole. Ubongo wenyewe hauumi, lakini kukaa saa nyingi kichwa kimefungwa kwenye fremu, mwili umekakamaa, ni adhabu kwa mzee. MRI inatuonyesha ubongo wa mgonjwa huyu huyu. Na lazima tuone vizuri, maana waya ukienda upande wa nje kwa milimita mbili tatu, umeme unavuja kwenye njia ya neva zinazoamuru misuli: mdomo unavutwa upande, maneno yanakuwa mazito.

Kuna tatizo. Fuvu likishatobolewa, maji ya ubongo huvuja, hewa huingia, ubongo husogea. Picha ya jana inabaki ya jana. Ndiyo maana baadhi ya vituo Marekani hufanya upasuaji ndani ya mashine yenyewe ya MRI: mgonjwa kalala usingizi, vifaa havina chuma cha kunaswa na sumaku, wanapiga picha, wanarekebisha shabaha, wanasogea, wanapiga tena.

Mimi nisingeanzia huko. Mgonjwa mmoja hushika mashine kwa saa kadhaa, na foleni yetu ina watu walioondoka Singida na Kondoa alfajiri. Ningeanza na MRI safi ya kabla ya upasuaji, ikiwezekana kwa dawa ya usingizi, kwa sababu anayetetemeka hutoa picha yenye ukungu. Siku ya upasuaji unaioanisha na CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, iliyopigwa fremu ikiwa kichwani.

Mama pale ameuliza kama mzee aliyewekewa waya anaweza kupimwa MRI tena. Inategemea kifaa alichowekewa, mama. Waya zinaweza kupata joto na kuunguza ubongo, hivyo kuna vipimo vinavyoruhusiwa kwa masharti na vingine hapana. Atembee na kadi ya kifaa chake, aitoe mapokezi, kabla hata hajaulizwa kama ana pete au saa.